Mbwa Mwitu wa Moremi, Marok wa Ghanzi

Ghanzi ni mji wa ng'ombe. Uko magharibi mwa Botswana, ndani ya Kalahari, na mashamba makubwa ya mifugo yameuzunguka pande zote. Mwaka mzima watu wa mjini huzungumzia mvua, majani, visima na bei ya nyama. Kisha baridi inapoingia hufika wikiendi moja ambayo barabara kuu hujaa watu waliovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi buti, minyororo ikiwaning'inia kiunoni, vyuma vyenye ncha vikiwa vimepangwa mabegani, na baadhi yao wameshika mafuvu ya ng'ombe. Hao ni wapenzi wa metal, tawi kali kuliko yote la muziki wa roki. Wamekuja kwenye Overthrust Winter Metal Mania, tamasha linaloandaliwa na bendi ya mji huohuo.

Mke wangu alilijua tamasha hilo kabla hajaweza kuionyesha Ghanzi kwenye ramani. Jumapili anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu. Siku nyingine, akiwa kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, anasikiliza Iron Maiden kwa sauti ambayo huwafanya bodaboda wageuze shingo. Mimi ni mtu wa wanyama. Nikisikia tawi limevunjika nyuma ya nyumba, nataka kujua ni nani aliyelivunja. Basi tulipopata likizo ya bila watoto tukaafikiana hivi: porini pawe pangu, tamasha liwe lake, na kila mmoja avumilie zamu ya mwenzake bila kununa.

Nilidhani nitaandika habari mbili zisizojuana. Lakini tulipomaliza mzunguko wetu, kutoka Maun hadi Moremi na kushuka hadi Ghanzi, ilinibidi nikiri jambo ambalo bado linanikera. Katika pori la Afrika, mbele ya wanyama wa Afrika, tulijiona wageni. Katika muziki uliozaliwa kwenye mji wa viwanda Uingereza, tulipokelewa kama ndugu waliochelewa kufika.

Mto usioiona bahari

Tuanze na zamu yangu. Mto Okavango unaanzia nyanda za juu za Angola, ambako mvua kubwa hunyesha kati ya Novemba na Machi. Maji hayo yanateremka kuelekea kusini, yanapita Namibia, kisha yanaingia Botswana na kutawanyika kwenye mchanga kama kiganja kilichofunguliwa. Nchi ni tambarare mno, kwa hiyo maji hutumia miezi kadhaa kuvuka delta. Yanapofika karibu na Maun, mvua za Botswana zimekwisha zamani na nyasi zimegeuka rangi ya majani makavu ya mpunga. Kiangazi kinapokaza, ndipo mafuriko yanapoingia. Wanyama wanajua ratiba hiyo, nao hujisogeza.

Mto huu haufiki baharini. Karibu maji yote hunyonywa na jua na mimea, na kiasi kidogo huzama mchangani. Mwaka 2014 UNESCO ililiingiza eneo hili kwenye orodha ya urithi wa dunia, likawa la 1,000 katika orodha hiyo.

Tuliingia kwa mokoro, mtumbwi mwembamba ambao zamani ulichongwa kwenye gogo na siku hizi hutengenezwa kwa faibaglasi ili miti mikubwa isimalizwe. Mwendeshaji husimama nyuma na upondo, akisukuma chini bila kurusha hata tone. Ukiwa umekaa humo, uso wako uko usawa wa yungiyungi, na mafunjo yanakupita juu ya kichwa. Furukombe analia kutoka kwenye mti mkavu. Kiboko hukumuona, ila mwendeshaji amekwisha kumuona na amebadili njia bila kusema neno.

Njia yenyewe ni kazi ya viboko. Wanapopita usiku baada ya usiku kwenda malishoni hufungua mifereji kwenye mafunjo, na maji hufuata. Visiwa vingi navyo vilianzishwa na mchwa. Kichuguu kinainuka juu ya usawa wa maji, ndege anatua na kuangusha mbegu, mti unaota, mchanga unajikusanya. Mizizi ya miti hunyonya maji na kuiacha chumvi ardhini, hadi katikati ya kisiwa panakuwa peupe, pasipoota kitu. Kwa sababu chumvi hiyo imefungiwa huko chini ya visiwa, maji ya mifereji yanabaki matamu. Mke wangu, ambaye hadi hapo alikuwa akivumilia kiungwana, alimwuliza mwendeshaji maswali ya mchwa kwa muda mrefu kuliko mimi.

Hifadhi ya Moremi ilitupatia mbwa mwitu. Kundi lilikuwa limelala kivulini karibu na barabara ya mchanga, masikio ya duara yamesimama, madoa ya rangi tatu kila mmoja na yake. Kwa makadirio ya IUCN wamebaki wapatao 6,600 tu katika Afrika nzima. Kaskazini mwa Botswana ni miongoni mwa ngome zao za mwisho, pamoja na hifadhi za Nyerere na Ruaha huku kwetu Tanzania. Jua liliposhuka wakaamka, wakaanza kusalimiana kwa kelele na kusuguana. Ndipo mwongozaji wetu alipotuambia tusikilize chafya.

Mwaka 2017 watafiti waliokuwa wakifuatilia mbwa mwitu wa Okavango walichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi: kabla ya kuondoka kwenda kuwinda, mbwa hawa hupiga chafya, na chafya zikiwa nyingi ndivyo uwezekano wa kundi kuondoka unavyoongezeka. Mwenye cheo akiwa ndiye aliyeanzisha hoja, chafya kama tatu zinatosha. Wa hali ya chini akianzisha, zinahitajika kama kumi. Tulihesabu kwa vidole, tukapoteza hesabu, na kundi likaondoka bila kusubiri jibu letu.

"Kwenye kikao cha ukoo wenu," mke wangu akasema, "mimi ningehitaji chafya arobaini."

Barafu kwenye glasi

Moremi ina historia ambayo ingepaswa kumfanya kila Mwafrika aingie getini kifua mbele. Watawana, wenyeji wa eneo hilo, ndio walioitenga mwaka 1963, miaka mitatu kabla ya Botswana kupata uhuru. Wakati huo walikuwa chini ya Elizabeth Pulane Moremi, mjane wa Chifu Moremi wa Tatu, aliyeshika utawala kwa niaba ya mtoto wao. Uwindaji ulikuwa ukimaliza wanyama, na jamii ikaamua kulinda kilichobaki kwenye ardhi yake yenyewe. Uamuzi huo nao ulikuwa na walioumia. Baadhi ya Wabugakhwe, wawindaji wa kandokando ya mito, walilazimika kuhama na kijiji chao kiko Khwai, nje ya mpaka. Hata hivyo uamuzi haukutolewa na gavana wala profesa kutoka nje.

Miaka zaidi ya sitini baadaye, unayemkuta ndani kama mgeni ni nani? Tangu sera yake ya utalii ya mwaka 1990, Botswana imechagua njia ya watalii wachache wenye fedha nyingi. Kambi za kifahari za Okavango msimu wa juu huweza kuvuka dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Sisi tulikodi gari lenye hema darini, tukalala kwenye viwanja vya kawaida, tukapika ugali wetu na kuziba masikio fisi walipokuwa wakikagua sufuria. Usiku mmoja tu ndio tulijitutumua tukalipia kambi yenye kitanda, kwa fedha ambazo nyumbani zingelipa ada ya muhula.

Jioni, wageni walipokaa kuzunguka moto, mzee mmoja alininyooshea glasi yake na kuniomba barafu zaidi. Nilisita kidogo. Kisha nikaenda, nikachota barafu, nikamletea. Akanishukuru vizuri sana. Mke wangu alicheka hadi akaondoka pale motoni. Aliyeona aibu kweli alikuwa mhudumu halisi, kijana wa Maun, ambaye alinifuata baadaye kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

"Usijali, ndugu yangu," nikamwambia. "Weusi wote leo humu ndani wanabeba kitu, isipokuwa mimi na mke wangu."

Akatabasamu, kisha akaniambia kuwa mama yake anauza samaki pale Maun na hajawahi kulala humu hata siku moja. "Nikimtajia bei ya chumba, anafikiri namtania."

Siandiki haya kuibeza sera ya Botswana. Barabara zake porini hazina msururu wa magari yanayomzingira duma mmoja, jambo ambalo sisi tuliozoea Serengeti ya Agosti tunalijua na hatulisemi. Fedha za kambi zinalipa mishahara, na pale Khwai jamii ina dhamana yake inayoendesha viwanja vya kupiga kambi. Tena wanakijiji wanaishi na mzigo ambao mgeni hauoni. Sensa ya ndovu ya mwaka 2022, iliyofanyika katika nchi tano za ukanda wa hifadhi wa KAZA, ilikadiria ndovu takriban 132,000 upande wa Botswana pekee. Ndovu hao wanakula mahindi ya mtu, wanavunja visima, na mara nyingine wanaua. Nchi ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 2014 na kuufungua tena 2019. Mwaka 2024 Rais wa wakati huo, Mokgweetsi Masisi, aliudhiwa na mjadala wa Ujerumani kuhusu kuzuia nyara za uwindaji, akatishia kuwapelekea Wajerumani ndovu 20,000 waone wenyewe raha ya kuishi nao. Ulaya walicheka. Maun hawakucheka sana.

Ninachosema ni kidogo na kinauma. Pori limetunzwa vizuri, lakini limepangwa kana kwamba macho ya kulitazama lazima yatoke mbali.

Geti la Kuke

Kutoka Maun hadi Ghanzi ni takriban kilomita 280 za lami iliyonyooka, punda na mbuzi wakikatiza bila haraka. Katikati ya safari hiyo kuna uzio na geti la Kuke. Ofisa wa mifugo alitushusha, akauliza kama tumebeba nyama mbichi, akakagua jokofu dogo la gari, kisha akatuelekeza tukanyage zulia lililoloweshwa dawa. Viatu vyote, na vya kwenye begi pia.

Uzio huu ulijengwa mwaka 1958. Kaskazini yake kuna nyati, na nyati hubeba ugonjwa wa miguu na midomo. Kusini kuna ng'ombe ambao nyama yao huuzwa hadi Ulaya, na Ulaya hainunui nyama yenye wasiwasi. Waya huo umeitajirisha nchi ya wafugaji na umewagharimu wanyama. Kwenye ukame wa miaka ya 1960, na tena wa miaka ya 1980, nyumbu wa Kalahari waliokuwa wakihamia kwenye maji waliukuta umekatiza njia zao. Walikufa kwa makumi ya maelfu. Mark na Delia Owens, mume na mke kutoka Marekani walioishi kwenye hema Deception Valley kuanzia 1974 wakichunguza simba na fisi wa kahawia, walikuwa miongoni mwa walioyaandika mateso hayo. Kitabu chao, Cry of the Kalahari, kilitoka 1984.

Kushoto mwa barabara, mbali kusikoonekana, inaenea Hifadhi ya Kalahari ya Kati. Ina kilomita za mraba takriban 52,800, zaidi ya mara tatu ya Serengeti. Ilitangazwa mwaka 1961, na lengo lake mojawapo lilikuwa Wasan, wenyeji wa kale wa Kalahari, waendelee kuishi humo kwa desturi zao, pamoja na wanyama. Mwaka 1997 na tena 2002 serikali iliwahamisha. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua kuwa walionyang'anywa makazi yao 2002 walionewa. Msomaji aliyefuatilia habari za watu kuhamishwa Ngorongoro hahitaji kuelezwa zaidi. Tulisimama D'Kar, kijiji cha Wasan wa jamii ya Wanaro kilicho karibu na Ghanzi, ambako kwa miongo kadhaa wasanii wa mradi wa Kuru wamekuwa wakichora wanyama wa Kalahari. Kwenye picha zao, binadamu na pofu wanakaa turubai moja, na hakuna uzio.

Salamu ya kutikisa bega

Sasa zamu ya mke wangu.

Metal ilizaliwa Birmingham mwishoni mwa miaka ya 1960, kati ya watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikatwa na mashine ya kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, naye ni mtu wa mashoto, kwa hiyo hivyo ndivyo vidole vyake vya kubana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kutisha. Kilichoanza kama dawa ya maumivu kikawa mtindo wa dunia nzima.

Botswana muziki huo uliingia taratibu. Miaka ya 1970 kulikuwa na Nosey Road, bendi ya roki ya Gaborone. Miaka ya 1990 Metal Orizon wakakaza nyuzi zaidi, kisha zikafuata Wrust, Crackdust na Skinflint. Skinflint huchota ngano na mizimu ya Kiafrika kwenye nyimbo zao. Overthrust walianzia Ghanzi mwaka 2008, na mwimbaji wao anajulikana kwa jina la jukwaani la Vulture, yaani tai mla mizoga. Mwaka 2016 walisafiri hadi Wacken, Ujerumani, kwenye tamasha ambalo kwa watu wa metal lina uzito wa hija.

Mashabiki wanaitwa marok. Dunia iliwaona zaidi baada ya mpiga picha wa Afrika Kusini, Frank Marshall, kuwapiga picha kwenye miaka ya mwanzo ya muongo wa 2010, na mwenzake Paul Shiakallis akawapiga picha wanawake wao, ambao hupenda kuitwa malkia. Picha hizo ni kali. Lakini hazionyeshi jambo la kwanza utakaloliona ukifika, nalo ni adabu.

Mchana, kabla ya muziki, marok waliandamana mjini. Walitembea polepole, kwa hatua ndefu za watu wanaojua kwamba wanatazamwa. Koti moja lilikuwa na pindo za ngozi hadi magotini. Kofia za wachunga ng'ombe zilikuwa nyingi kuliko nywele ndefu, na hilo lina sababu: wengi wao wamekulia kwenye maboma ya ng'ombe, ngozi na pembe ni vitu vya nyumbani, na shujaa wa filamu za magharibi mwa Marekani waliyemtazama utotoni alikuwa mfugaji kama baba zao. Watoto waliwakimbilia. Kina mama walitoka kwenye vibaraza vya maduka. Mtu wa kwanza kutufikia alikuwa jitu la miraba minne lenye pembe za ng'ombe mabegani.

"Dumela mma, dumela rra," akasema. Akaukamata mkono wangu, akautikisa kuanzia kiganja hadi bega, kama anayejaribu mlingoti. "Mmetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Aa! Kwa Nyerere!"

Habari ikasambaa kuwa kuna Mtanzania anayeyajua mashairi ya Iron Maiden kwa moyo, na ndani ya muda mfupi mke wangu alikuwa amevishwa koti la mtu, zito kiasi kwamba alitembea ameinama. Jitu lenye pembe ni muuguzi. Rafiki yake wa minyororo anafundisha darasa la tatu. Mwingine anaendesha lori la ng'ombe na alikuwa ameomba ruhusa miezi mitatu kabla.

Jua lilipozama baridi ikashuka kwa kasi, baridi ya jangwani isiyo na mzaha. Nilijibanza kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza seswaa, nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa chumvi ndani ya sufuria la chuma hadi ikachoka, kisha ikapondwa, ikawekwa juu ya ugali. Alikuwa amejifunika blanketi hadi masikioni. Aliniambia anawapenda wateja hawa kuliko wale wa mechi. "Wanapanga foleni," akasema. "Na wanasalimia."

Kisha Overthrust wakapanda jukwaani, na mazungumzo yakaisha.

Sitajifanya nimeupenda muziki ule usiku mmoja. Ngoma ya miguu miwili inakimbia bila kupumua, gitaa zinasaga, na mwimbaji anatoa sauti kutoka mahali chini kabisa ya tumbo. Sikuelewa neno. Mke wangu alinipigia kelele sikioni kwamba kuelewa maneno si hoja. Mbele ya jukwaa watu walifungua duara, wakawa wanakimbia humo ndani wakigongana mabega. Kwa mbali ungeita polisi. Kwa karibu unaona kanuni zake: aliyeanguka ananyanyuliwa kabla hajagusa vumbi sawasawa, aliyepoteza kiatu anasubiriwa, na mwanamke anayetaka kutoka anafunguliwa njia. Nilimwona muuguzi wetu akisimamisha duara zima kwa kunyoosha mikono, akainama, akaokota miwani ya mtu, akaifuta kwa fulana yake, akamrudishia mwenyewe, na vurugu ikaendelea.

Wapo wahubiri wanaowaita waabudu shetani, kwa sababu ya mafuvu na rangi nyeusi. Wapo wazazi wasiopenda kuwaona watoto wao humo. Waandaaji hujibu kwa vitendo, na kwa miaka mingi tamasha hili limeambatana na michango kwa yatima na wenye shida. Nilimwuliza mke wangu mchungaji wetu angesema nini. "Angeuliza kwa nini kwaya yetu haifiki mazoezini kwa wakati kama hawa," akajibu.

Mwenye mali ni nani

Nyumbani, nikimweleza mtu kwamba tulikwenda kusikiliza metal Botswana, jibu ni lilelile: huo si muziki wa Wazungu? Hakuna aliyewahi kuniuliza kama kulala kwenye hema la turubai jeupe lenye beseni la shaba na chai ya saa kumi ni mambo ya Wazungu. Tumekubali kwamba pori ni letu hata tunapokuwa hatumo, na kwamba gitaa la umeme ni lao hata likiwa mikononi mwetu.

Historia yetu wenyewe inakataa. Nchi jirani ya Zambia ilikuwa na roki yake miaka ya 1970, Zamrock, ikiongozwa na bendi kama WITCH na Amanaz, wakati shaba ilipokuwa ikilipa vizuri. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, waliochanganya roki, soul na midundo ya huku wakatoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976. Mmoja wa waimbaji mashuhuri kuliko wote wa roki, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Nairobi hivi karibuni ilitoa vijana wawili waliojiita Duma, ambao albamu yao ya 2020 ilipigwa Ulaya kuliko ilivyopigwa Kenya. Sisi hatukukosa roki. Tuliitupa, tukaanza kuiita ya wageni.

Marok hawakuitupa. Waliichukua, wakaivisha ngozi ya ng'ombe wao, wakaipa salamu zao na chakula chao, na wakaweka mlango ambao hata muuza samaki wa Maun angeweza kuulipia. Kiingilio chetu cha usiku kucha kilikuwa chini ya bei ya chakula kimoja pale kambini. Watawana nao mwaka 1963 walifanya jambo la namna hiyohiyo kwa wanyama: hawakusubiri mtu wa kuwaambia kuwa ni mali yao, walikaa wakaamua. Tofauti imekuja baadaye, kwenye bei na kwenye mazoea, na inaweza kurekebishwa palepale ilipoharibikia. Umiliki hauji kwa kuzaliwa karibu na kitu. Unakuja kwa kukitumia, kukihangaikia, na kumfungulia jirani mlango.

Ukitaka kwenda

Njia nyepesi kutoka Dar es Salaam au Nairobi ni ndege hadi Johannesburg, kisha ndege ndogo hadi Maun. Gari la kukodi liwe la kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu mchanga wa Moremi haumheshimu mtu. Viwanja vya kupiga kambi vihifadhiwe miezi mingi kabla. Usibebe nyama mbichi kuelekea kusini, geti la Kuke watakunyang'anya. Kwa Ghanzi chukua sweta mbili, koti, na pamba za masikioni ambazo utaona haya kuzivaa kwa nusu saa ya kwanza. Tarehe za tamasha hutangazwa na bendi yenyewe, kwa hiyo zihakikishe kabla ya kulipia tiketi.

Na kama fedha zinatosha nusu moja tu ya safari hii, ushauri wangu, mimi mtu wa wanyama, ni huu: nenda Ghanzi. Mbwa mwitu wako Nyerere na Ruaha, na kiingilio cha Mtanzania mtu mzima Serengeti ni shilingi 10,000 na VAT yake. Wengi wetu hatujawahi kuilipa. Ilipe mwezi ujao, pamoja na wenzako wa mtaani mkichangia gari moja. Barafu kila mtu ajichotee mwenyewe.